Kadi ya Posho: Nani Hasa Aliiba Chakula cha Watu wa Bura?

Kuna maneno nimechoka kuyasikia. Kila nikiandika kitu kuhusu kazi na mishahara huku kwetu, lazima atokee mtu aseme, "Nyinyi watu wa Garissa mmezoea vya bure. Mnakula misaada, mnajiandikisha ukimbizi, halafu mnalia hakuna kazi." Na si watu wa Nairobi pekee. Hata hapa kwetu, mzee ana duka kubwa, ana lori mbili, anakaa kwa kibaraza anasema vijana wa siku hizi ni wavivu kwa sababu ya chakula cha msaada.

Sasa leo tuongee vizuri. Mimi si mwanahistoria wa chuo, lakini nimesoma, nimeuliza wazee, na nimekulia hapa Bura, upande wa Fafi. Na nikitazama nyuma, naona ile hadithi ya "vya bure" imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Huku kwetu, kwa miaka mia moja, chakula cha msaada kimetumika kama sababu ya kutomlipa mtu. Na watu walipokuja kukitumia vibaya hicho chakula, walioadhibiwa ni wale walioiba debe la unga, si wale walioiba ghala.

Tuanze na maneno mawili: posho na kipande.

Wengi wetu tukisikia posho tunafikiria zile pesa za wabunge za kukaa kikao. Lakini posho ya zamani ilikuwa unga. Mpagazi wa msafara alipimiwa kibaba chake cha nafaka, ndiyo posho. Wazungu walipofungua mashamba yao bara, wakaendelea na mtindo huo huo: kibarua anapewa unga wa mahindi, kawaida ratili mbili kwa siku, na ule unga unahesabiwa kama sehemu ya malipo yake. Ukiuliza mbona mshahara ni mdogo, jibu liko tayari: si unakula? Si unalala kwa kibanda changu? Mshahara wa nini tena?

Shika hilo jibu. Litarudi.

Kipande nacho, leo ni jina la mtaani la kitambulisho. Lakini kipande cha kwanza kilikuwa karatasi ya kazi. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama zake za vidole, kwa kopo la chuma linaloning'inia shingoni. Ndani imeandikwa amefanya kazi kwa nani, ameanza lini, ameacha lini na analipwa ngapi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kupata kazi kwingine. Ukitoroka, ni kesi ya polisi, kwa sababu tangu ile sheria ya mabwana na watumishi ya 1906, kuacha kazi bila ruhusa kulikuwa kosa la jinai. Harry Thuku alikamatwa 1922 baada ya kupigana na mambo kama haya, kipande kikiwemo.

Kwa hiyo alama za vidole ziliingia nchi hii kama chombo cha mwajiri. Hazikuja kwa ajili ya usalama wala kwa ajili ya kura. Zilikuja ili kibarua asiweze kumkimbia tajiri.

Huku kaskazini hali ilikuwa tofauti kidogo. Hatukuwa na mashamba ya walowezi. Serikali ya kikoloni ilitufungia tu. Sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902 ilifanya kuingia na kutoka kuwe kwa pasi. Kazi ilikuwa mifugo. Na hata kwa mifugo kulikuwa na mwajiri na mwajiriwa, tusidanganyane. Mwenye ng'ombe wengi alichukua kijana wa familia maskini amchungie, akampa maziwa ya kunywa na ndama baada ya msimu. Mwenye roho nzuri alitoa mtamba aliyenona. Mwenye roho mbaya alitoa kile kidume kilichokonda. Lakini angalau yule kijana aliondoka na mnyama wake mwenyewe, na mnyama huzaa. Mshahara ulioweza kuzaa. Nani kati yetu ana mshahara wa hivyo leo?

Kazi ya kulazimishwa ilifika Mto Tana miaka ya 1950. Teremka na mto kutoka Bura utafika Hola. Huko serikali ya kikoloni ilileta wafungwa wa Mau Mau wachimbe mifereji ya kumwagilia mashamba. Hawakuwa wamehukumiwa na mahakama. Walikuwa wamewekwa kizuizini tu. Wengi walikataa kufanya kazi, wakisema sisi si wafungwa wa jinai, hatuchimbi. Tarehe 3 Machi 1959, zaidi ya 80 wakatolewa kwa nguvu kwenda shambani. Walipogoma, askari waliwapiga kwa marungu. Watu 11 wakafa.

Unajua taarifa ya kwanza ya serikali ilisema nini? Ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa gari la maji. Yaani walipewa maji, na hayo maji ndiyo yaliwaua. Uchunguzi ulipofanyika ikajulikana ni kipigo. Jambo hilo likafika mpaka bunge la Uingereza, likawa moja ya mambo yaliyoharakisha mwisho wa ukoloni hapa.

Nimelitaja kwa sababu moja. Jamaa waliouawa walikuwa wanalishwa na serikali. Walipewa posho. Na kosa lao lilikuwa kusema posho si mshahara.

Tukapata uhuru. Miaka ikapita. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ikakubali kugharamia mradi mkubwa wa unyunyiziaji ng'ambo ya mto, Bura ya upande wa Tana River. Mpango ulikuwa mtamu: hekta 6,700, familia 5,150 zisizo na ardhi kutoka kila pembe ya Kenya, pamba inang'aa kila mahali. Walowezi wa kwanza wakafika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Wamijikenda, Wapokomo, Waorma, wote wakapangwa kwa vijiji vyenye namba. Mpaka leo mtu wa ng'ambo ukimuuliza anatoka wapi atakwambia kijiji namba fulani.

Hesabu zikakataa. Zilizoendelezwa ni kama hekta 2,500, na familia zilizopewa mashamba zikawa chini ya nusu ya mpango. Maji yalitegemea pampu za pale Nanighi ambazo zilikusudiwa kuwa za muda tu, zikageuka za kudumu. Dizeli ikiisha, pamba inakauka. Pampu ikiharibika, pamba inakauka. Malaria nayo ikala watoto.

Lakini kwa mambo ya kazi, angalia mkataba wa yule mkulima. Ardhi si yake, ana leseni tu. Kanuni za mashamba ya Bodi ya Taifa ya Unyunyiziaji zilimtaka aishi pale pale, alime kile meneja anachosema, afuate kila agizo, na asiwe nje ya mradi zaidi ya mwezi mmoja bila ruhusa. Maji anakatwa, mbegu anakatwa, dawa anakatwa, trekta anakatwa. Baada ya mavuno anaenda kuchukua malipo, anaonyeshwa karatasi: wewe ndiye unadaiwa. Kwa jina alikuwa mkulima. Kwa hali alikuwa kibarua ambaye hata mshahara wa kibarua hana, kwa sababu kibarua angalau akimaliza siku analipwa.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mradi ulikuwa umelala. Na zile familia zilizoletwa kutoka mbali zije zilishe taifa, zikawa zinapanga foleni ya mahindi ya msaada. Sasa mtu akipita barabarani akiona ile foleni, atasema nini? "Watu wa huku wamezoea vya bure." Hakuona miaka kumi ya pamba iliyolimwa na haikulipwa.

Wakati huo huo, upande wetu wa mto, jambo kubwa zaidi lilikuwa linaanza.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia. Watu wakavuka mpaka. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa 1991 na 1992, zimepangiwa watu 90,000 kwa jumla. Hagadera iko kwenye Fafi yetu hii. Kufikia 2011, kambi za Dadaab zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Mji mkubwa kuliko miji mingi ya Kenya, na wakazi wake hawakuruhusiwa kutoka bila pasi wala kufanya kazi.

Hapo ndipo lile jibu la posho linarudi.

Kambi inahitaji walimu, wauguzi, wakalimani, wapimaji, walinzi, wafagiaji. Wakimbizi wenyewe ndio wanaofanya kazi hizo nyingi. Lakini kwa sababu kibali cha kazi ilikuwa ndoto, mashirika yakabuni jina. Haikuitwa mshahara, ikaitwa insentivu, yaani kitu cha kukupa moyo. Mwalimu mkimbizi na mwalimu Mkenya wanaingia darasa lile lile, wanashika chaki ile ile, na watoto ni wale wale karibu mia kwa darasa. Mwisho wa mwezi, mmoja anapata mshahara na mwingine anapata sehemu ndogo tu ya huo mshahara. Sababu? Moja, sheria. Mbili, ati mkimbizi tayari anapewa chakula, nyumba na matibabu bure.

Si unakula? Si unalala kwa kibanda changu? Mshahara wa nini tena?

Ni jibu lile lile la mlowezi, limevaa fulana ya shirika. Sisemi mashirika hayakuokoa watu. Yameokoa watu wengi sana, na mimi nimesoma na vijana ambao wangekuwa makaburini bila ile nafaka. Nasema tu jibu ni lile lile. Na jibu hilo likishazoeleka kambini, halibaki kambini. Tajiri wa Garissa mjini akijua kwamba kuna mtu msomi anafanya kazi mwezi mzima kwa elfu chache, yeye atamlipa mpishi wake ngapi? Bei ya mtu ikishashuka mahali pamoja, inashuka mpaka sokoni.

Sasa tuje kwetu wenyewe, kwa ile aibu yetu.

Sisi wenyeji tulikuwa tumekaa pembeni tukiangalia malori yakipita. Ukame wa 1991 na 1992 uliua mifugo. Ule wa 2005 na 2006 ukaua tena. Wa 2010 na 2011 ukamalizia. Mkenya wa Fafi aliyepoteza ng'ombe wote alikuwa na mahali pawili pa kwenda. Pa kwanza ni kwa chifu, kungoja mahindi ya serikali yanayokuja leo, hayaji miezi mitatu, na yakija jina lako halipo kwa orodha. Pa pili ni Hagadera, kusema, "Mimi ni mkimbizi."

Pale kambini kulikuwa na chakula mara mbili kwa mwezi, hospitali, shule, na kwa mbali, ile ndoto ya kupelekwa Marekani. Lugha ni moja, dini ni moja, ukoo ni mmoja, sura ni moja. Nani angejua?

Ayeeyo wetu alienda 2011. Alimchukua mtoto wa abti, wakati huo ana miaka saba, wakapanga foleni, wakapigwa picha, wakaweka vidole, wakapewa kadi. Nilipokuwa nafanya haya maandishi nilimuuliza, kwa adabu, kama hakuona ni udanganyifu. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Ayeeyo, mwaka ule mbuzi wa mwisho tulimchinja kabla hajafa, ili awe halali. Baada ya hapo ningekupikia nini wewe?"

Mimi pia nilikula ule unga. Nasema wazi. Huu mwili ulijengwa na nafaka ya kadi ambayo haikuwa yetu.

Na tuwe wakweli zaidi: si wote walikuwa na njaa. Kuna watu walifanya kadi kuwa biashara. Kadi zilinunuliwa, zikauzwa, zikakodishwa. Mfanyabiashara mwenye kadi nyingi alituma watu wachukue mgao wake, mafuta na unga vikaishia kwa maduka. Kuna Wakenya wenye nyumba za mawe mjini waliokuwa na kadi. Kuna wakimbizi waliotoa kitu kidogo wakapata vitambulisho vya Kenya. Huo wote ulikuwa wizi, na aliyelala njaa kwa sababu yake alikuwa mkimbizi wa kweli aliyefika akiwa amembeba mtoto mgongoni. Sitetei hilo.

Mwaka 2013 ugawaji wa chakula ukaanza kutumia mashine za alama za vidole. Kadi za kukodi zikafa. Wale wafanyabiashara? Walikuwa wameshapata chao, wakahamia biashara nyingine. Hawakuweka vidole vyao popote. Vidole vilivyobaki kwenye kompyuta ni vya nani? Vya mtoto wa abti.

Alifika miaka 18 mwaka 2022. Akaenda kuchukua kitambulisho kama kijana yeyote. Akaweka vidole. Kompyuta ikasema: huyu ni mkimbizi.

Na hayuko peke yake. Garissa, Wajir na kwingineko kaskazini, namba inayotajwa ni kama watu 40,000 ambao ni Wakenya lakini alama zao ziko kwenye orodha ya wakimbizi. Wengi waliandikishwa wakiwa watoto. Hawakuamua, hawakudanganya mtu, walishikwa mkono tu wakapelekwa. Kambi haiwahitaji kwa sababu si wakimbizi, na Kenya haiwatambui kwa sababu kompyuta inasema ni wakimbizi.

Sasa fikiria maisha bila kipande Garissa. Huwezi kusajili laini ya simu, kwa hivyo M-Pesa huna. Huwezi kufungua akaunti. Mkopo wa chuo, sahau. Huwezi kuvuka daraja la Tana ukienda Nairobi, kwa sababu pale basi linasimamishwa na kila mtu anatoa ID. Huwezi kupiga kura. Na kazi ya maana, yenye karatasi, usiote.

Inabaki kazi isiyo na karatasi. Na hapa ndipo waajiri wabaya wanachekelea.

Mtoto wa abti alipata kazi ya kubeba mizigo kwa ghala moja mjini. Saruji, unga, sukari. Wenzake wenye ID walilipwa 600 kwa siku. Yeye 350. Kwa nini? Hakuna sababu, gunia ni lile lile la kilo 50. Pesa zake hazikutumwa kwa simu kwa sababu hana laini, kwa hivyo mdosi alisema atamwekea, "kwa usalama wako". Akaweka wiki mbili, akaweka mwezi, akaweka miwili. Siku kijana alipodai, mdosi hakukasirika hata kidogo. Alimuuliza tu, "Sasa ukienda kunishtaki, utaandika jina gani?"

Kijana akarudi nyumbani na nauli.

Nataka usome hilo swali tena, kwa sababu ndilo historia yote ya hapa. Mwaka 1920 mwajiri alimshika kibarua kwa sababu kibarua alikuwa na kipande. Miaka mia moja baadaye mwajiri anamshika kibarua kwa sababu hana. Karatasi imegeuka, mkono ulioishika ni ule ule.

Na yule mdosi kwa kweli alikuwa anadanganya. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiriwa ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara. Haisemi mtu mwenye ID. Kifungu cha 37 kinasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Anakuwa na haki za mtu wa mshahara wa mwezi, na ana haki ya kupewa notisi. Na ikiwa mwajiri alitakiwa kuandika mkataba na hakuandika, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye mwajiri. Afisa wa kazi yupo, malalamiko yanapokelewa bila wakili. Lakini ukweli ni kwamba kijana asiye na kitambulisho anaogopa ofisi yoyote yenye bendera, na mwajiri anaijua hiyo hofu, ndiyo maana anailipia 350.

Sasa turudi kwa yule anayesema tumezoea vya bure. Nataka tulinganishe wezi.

Kulikuwa na mradi wa Benki ya Dunia na serikali wa kusimamia rasilimali za maeneo kame, awamu yake ya pili ikaanza 2003 mpaka 2010. Pesa za visima, mifugo, shule, kujikinga na ukame, yaani hasa pesa za kutuzuia tusifike kwenye ile foleni ya Hagadera. Wakaguzi wa benki wakapitia maelfu ya malipo katika wilaya saba. Ripoti yao ya 2011 ikasema asilimia 29 ya malipo waliyoyapitia yalishukiwa kuwa ya udanganyifu, na mengine mengi yalikuwa na maswali. Risiti za uongo, semina hewa, mafuta ya magari yasiyotembea. Angalia mwaka: 2011. Mwaka ule ule ayeeyo alichinja mbuzi wa mwisho.

Kisha Kazi kwa Vijana, ilianzishwa 2009 wakati wa njaa, ili kijana asafishe mtaro, afungue barabara, alipwe cha siku. Kufikia 2011 Benki ya Dunia ilikuwa imesimamisha mchango wake kwa sababu ya matumizi yasiyoeleweka.

Nani kati ya hao maofisa alifika kaunta fulani akaambiwa, "Vidole vyako viko kwa orodha ya wezi, huwezi kupata kazi maisha yako yote"? Nani kati yao mtoto wake alikosa kitambulisho?

Ayeeyo alichukua unga wa miaka michache. Mjukuu wake analipa kwa ujana wake wote. Kama ni adhabu, basi nionyesheni mizani iliyotumika.

Na msaada si kitu kibaya. Watu husahau kwamba ule mpango wa kitaifa wa pesa taslimu kwa mayatima ulianza kujaribiwa Desemba 2004 katika sehemu tatu tu: Kwale, Nairobi na Garissa yetu. Familia 500, shilingi 500 kwa mwezi. Ulipoonekana unafanya kazi ukasambazwa nchi nzima, na ni mmoja wa ile mipango tunayoiita Inua Jamii leo. Kwa hiyo wale mnaopokea pesa za wazee Murang'a na Kisii, mjue njia ilianza kupitiwa na mayatima wa huku. Shida si mtu kupewa. Shida ni pale kupewa kunapogeuzwa kuwa sababu ya kutomlipa jasho lake, na pale anayeiba cha wengi anapoachwa, halafu mtoto aliyekula sahani moja anawekewa alama.

Kuna nuru kidogo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliwapa ushindi waathiriwa wa uandikishaji huu wa mara mbili waliokuwa wameshtaki pamoja na shirika la Haki na Sheria, ikaamuru waondolewe kwenye orodha ya wakimbizi na wapewe vitambulisho. Mwezi uliofuata Rais Ruto akatangaza akiwa Wajir kwamba ile vetingi ya vijana wa kaskazini wakitafuta ID imefutwa. Mambo mazuri. Lakini hukumu haitembei yenyewe kutoka Garissa mpaka kijiji cha Fafi. Na kufuta vetingi hakufuti vidole kwenye kompyuta.

Kwa upande wa kambi, mwaka huo huo wa 2025 mgao wa chakula ulikatwa mpaka chini ya theluthi moja ya mgao kamili. Kwa hivyo hata lile jibu la zamani limekufa. Huwezi tena kumwambia mwalimu mkimbizi "si unakula?" Hali. Na insentivu bado ni insentivu.

Mimi naomba mambo matatu, na sitaomba kwa upole.

La kwanza, kila aliyeandikishwa ukimbizi akiwa mtoto aondolewe kwenye orodha bila kesi, bila kamati ya wazee ya kumpima kama ng'ombe wa mnada. Mtoto hawezi kudanganya serikali. Basi.

La pili, sisi wenyewe tuache kulindana. Mdosi anayemlipa kijana nusu kwa sababu hana ID ni mtu wetu. Anaswali safu ya mbele nasi. Anatoa sadaka Ramadhani, tena anapigwa picha. Tumemsifu kwa pakiti za tende wakati pesa za vibarua zimo mfukoni mwake. Dini yetu inataka mwenye kazi alipwe kabla jasho halijakauka. Hapa kwetu jasho linakauka, mvua inanyesha, linakauka tena.

La tatu ni kwa wewe kijana. Kama unafanya kazi bila karatasi, andika mwenyewe. Daftari la shilingi ishirini. Tarehe, kazi, uliahidiwa ngapi, ulipewa ngapi, nani alikuwepo. Kama siku moja utasimama mbele ya afisa wa kazi, lile daftari ndilo litakuwa kipande chako.

Mtoto wa abti ameanza la kwake. Nimeliona. Ukurasa wa kwanza ameandika jina lake lote, majina matatu, kwa herufi kubwa, na chini yake kijiji chetu. Nilimuuliza ya nini, si kila mtu hapa anamjua. Akasema, "Ili yule jamaa asiniulize tena nitaandika jina gani."